Mfungwa na Kijiko: Somo juu ya Matumaini na Udumifu



Tumekwisha kueleza imani, nayo ni ya kwanza katika zile fadhila tatu ambazo Mungu mwenyewe huzitia rohoni mwa mtu aliyebatizwa. Leo twafika kwenye fadhila ya pili, yaani matumaini.

Watu wengi hudhani kwamba kutumaini ni kungoja tu. Mgonjwa husema, «Natumaini nitapona», kumbe maana yake, «Ningependa kupona». Mwenye deni husema, «Natumaini nitalipa», naye amejilaza kivulini tangu asubuhi. Je, hayo ni matumaini? Hapana. Hayo ni matakwa tu, na matakwa hata mtoto mchanga anayo. Matumaini ni kitu kingine, nayo yana kazi yake. Ili tuielewe kazi hiyo, leo nitawaeleza habari ya sinema moja ya Kifaransa, kisha tutaona mafundisho yaliyomo.

Sinema hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1956. Jina lake ni Un condamné à mort s'est échappé, yaani, Mtu Aliyehukumiwa Kufa Ametoroka. Aliyeitengeneza ni Robert Bresson, na mwaka 1957, katika mashindano ya sinema ya Cannes, alipewa tuzo ya mwongozaji bora. Wengi wenu hamjaiona, na labda hamtaiona. Si kitu. Sinema hii yafaa kuelezwa redioni kuliko nyingine nyingi, maana ndani yake mambo makubwa husikika kuliko kuonekana: funguo za mlinzi zikigonga chuma cha ngazi, hatua za viatu, bisho la jirani ukutani, mluzi wa gari la moshi. Mfungwa haoni yaliyo ng'ambo ya ukuta, yeye husikiliza. Nasi tusikilize pamoja naye.

1. Habari ni ya kweli

Mwaka 1940, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, majeshi ya Ujerumani yaliishinda Ufaransa. Kwanza walikalia sehemu moja ya nchi, na tangu mwezi wa Novemba 1942 wakaikalia yote, pamoja na mji wa Lyon. Wafaransa wengine walikubali hali hiyo. Wengine wakakataa, wakafanya kazi ya siri ya kuwapinga. Mmoja wa hao waliokataa alikuwa afisa wa jeshi, jina lake André Devigny. Mwaka 1943 alikamatwa, akatiwa katika gereza la Montluc mjini Lyon, akahukumiwa kufa. Lakini katika mwezi wa Agosti wa mwaka huo, kabla hajapigwa risasi, alitoroka. Baadaye aliandika mwenyewe habari zake. Akaishi hata mwaka 1999.

Robert Bresson alisoma habari hizo, akazifanya sinema. Yeye naye alikuwa amekuwa mateka wa Wajerumani katika vita ile ile, kwa hiyo alijua mlango uliofungwa kwa nje ni kitu gani. Hakutafuta wachezaji wenye sifa. Aliyewekwa kuwa mfungwa alikuwa mwanafunzi mmoja, François Leterrier, asiyekuwa mchezaji wa sinema. Devigny mwenyewe alikuwapo kumwongoza Bresson katika mambo ya gereza, na sehemu ya picha zilipigwa mle mle Montluc. Mwanzoni mwa sinema chaonekana kibao cha ukumbusho, kisemacho kwamba watu elfu kumi waliteswa mahali pale, na elfu saba kati yao walikufa. Tangu mwaka 2010 gereza hilo ni mahali pa ukumbusho wa taifa, nao watu huenda kupatazama.

Katika sinema mfungwa huyo haitwi Devigny, bali Luteni Fontaine. Nasi tutamwita hivyo.

2. Kijiko na mlango

Habari yaanza kwa kushindwa. Fontaine yumo ndani ya gari, anapelekwa gerezani. Anaunyemelea mlango kwa mkono, anaufungua, anaruka na kukimbia. Mara amekamatwa. Wanampiga hata damu inamtoka usoni, kisha wanamtupa chumbani amefungwa pingu. Mtu mwingine angesema, «Nimejaribu, imeshindikana, basi.»

Yeye hasemi hivyo. Jirani yake, kijana ambaye hamjui wala hatamwona uso, anabisha ukutani. Na kwa njia ya kubisha huko anamfundisha jinsi ya kufungua pingu kwa pini. Siku nyingine anapandishwa kwenye chumba cha juu, na pingu anaondolewa. Chumba ni kidogo: kitanda, ndoo, dirisha lenye vyuma. Na mlango.

Fontaine anakaa, anautazama mlango ule. Ni mbao za mwaloni, mti mgumu sana wa Ulaya. Lakini akiutazama kwa makini anagundua jambo: mbao zenyewe ni ngumu, walakini vipande vilivyoziunganisha ni vya mti ulio laini zaidi. Basi anaficha kijiko kimoja cha chuma baada ya chakula, anakinoa juu ya sakafu hata kinakuwa kama patasi, anaanza kuchokoa maungio yale. Achokoa, asikiliza. Hatua zasikika; aacha. Hatua zapita, achokoa tena. Vipande vya mti avizoa, avificha, ili mlinzi asione kitu. Kijiko chavunjika, atafuta kingine. Kazi hiyo yadumu kama mwezi mzima, hata siku moja mbao zaachana na mlango wapitika.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema: bandu bandu huisha gogo. Methali hiyo twaijua sote, na mara nyingi twaisema kwa kujifariji tu. Fontaine aliitenda.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Matumaini yana macho. Aliyekata tamaa huona mlango. Mwenye matumaini huona maungio ya mbao. Mlango ni ule ule. Mkulima aliyepata shamba lenye shina kubwa katikati hulizunguka kwanza, atafute mizizi iko wapi, halafu aukate mzizi mmoja, kesho wa pili. Kulipiga shina kwa hasira siku moja huvunja mpini tu. Basi wewe uliye na taabu nyumbani, usiseme upesi, «Haiwezekani.» Kaa uitazame taabu yako. Uliza: sehemu yake iliyo laini iko wapi? Ni kitu gani kidogo ninachoweza kuanza nacho leo, kwa chombo nilicho nacho mkononi?

Maana Fontaine hakuwa na patasi. Alikuwa na kijiko.

3. Sala na kazi

Kila asubuhi wafungwa hutolewa kwenda kumwaga ndoo zao za uchafu na kunawa. Wamekatazwa kusema, lakini penye maji hunong'onezana maneno machache. Miongoni mwao yuko mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, ndugu yetu katika ubatizo, naye ni mfungwa kama wao. Mtu huyu alipata Biblia mle gerezani, akafurahi kama aliyeona muujiza. Kwa ajili ya Fontaine aliandika katika karatasi habari ya Nikodemo, aliyemwendea Bwana Yesu usiku, kama ilivyo katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya tatu. Jina la pili la sinema hii limetoka katika sura hiyo, pale Bwana wetu anapousema upepo ambao twausikia, lakini hatujui utokako wala uendako.

Mchungaji yule amhimiza Fontaine kusali. Fontaine hakatai sala. Lakini yeye aona kwamba haifai kumwachia Mungu kazi yote, mtu akakaa mikono mitupu.

Ndugu wapenzi, tusikilize vema hapa, maana watu hupotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukata tamaa. Mtu asema, «Hata Mungu hawezi kunisaidia», naye aacha sala, na kazi, na rafiki zake.

Njia ya pili ni kujidai mbele ya Mungu. Mtu asema, «Mungu atafanya», naye aacha jembe penye mlango. Huyu afikiri ana imani kubwa. Kumbe amemfanya Mungu kuwa mtumishi wake.

Mkristu hushika njia iliyo katikati. Mtazameni Bwana wetu penye kaburi la Lazaro. Yeye aliyeweza kumfufua mtu wa siku nne, je, hakuweza kuliondoa jiwe? Aliweza. Lakini aliwaambia watu waliondoe wao. Vivyo hivyo katika arusi ya Kana: kugeuza maji kuwa divai ni kazi yake, kuijaza mitungi ni kazi ya watumishi. Mungu hutuachia jiwe na mitungi, si kwa sababu hana nguvu, ila kwa sababu atuheshimu kama wana wa nyumba. Kwa hiyo yule asaliye huku akichokoa mlango hana imani ndogo. Anaondoa jiwe.

Katika sinema hii kuna muziki kidogo tu, nao ni sehemu ya Misa aliyoitunga Mozart, hasa ile sala ya kumwomba Bwana atuhurumie. Na muziki huo mtakatifu wasikika wakati gani? Wasikika wafungwa wanapobeba ndoo zao za uchafu uani. Bresson angaliweza kuuweka penye ushindi tu, lakini aliuweka pia juu ya kazi ile ya aibu. Nasi tukumbuke: sala yaweza kukaa mahali popote ambapo mtu ataabika.

4. Jirani aliyekata tamaa

Katika chumba cha kando yuko mzee mmoja, Blanchet. Mwanzoni Fontaine abisha ukutani, mzee hajibu. Baadaye twajua kwamba mzee huyu alikwisha kujaribu kujinyonga. Kwake siku zote ni moja, na juhudi ya jirani yake ni kazi bure.

Fontaine amfanyia nini? Hamhubirii sana. Hamwambii kwamba yeye ni mwoga. Asema naye dirishani, siku baada ya siku. Amsomea yale maneno juu ya Nikodemo. Na polepole mzee aanza kuuliza, aanza kusikiliza, aanza kutaka mambo yafaulu. Mwishowe, kamba ilipokuwa bado fupi, mzee huyu alitoa blanketi lake lipasuliwe liwe kamba.

Fikirini jambo hilo. Blanchet hatatoka, yeye abaki chumbani mwake, na blanketi amelitoa. Lakini tangu siku aliyopata kitu cha kumpa mwenzake, si mtu yule wa kwanza.

Fundisho la pili ndilo hili. Ukimwona mtu aliyekata tamaa, usimwambie «Jipe moyo» tu, ukaenda zako. Neno hilo ni jepesi mdomoni, na masikioni mwake ni zito. Kaa naye. Rudi kesho. Halafu umwombe msaada wake kwa jambo dogo: akushikie mtoto, akunolee panga, akufundishe kusuka kikapu kama alivyozoea zamani. Mtu ambaye watu humpa tu, bila kumwomba kitu, hujiona amekwisha kufa. Mtu aombwaye hujua kwamba yungali na kazi duniani. Na kama amesema neno la kutaka kujiua, usilifiche wala usilicheke. Usimwache peke yake usiku huo. Uwaite ndugu zake, na mganga wa zahanati, na padri au katekista wake.

5. Orsini, aliyeshindwa

Sasa twafika penye jambo gumu. Sitalipita, kwa kuwa wengi wenu mnalijua katika maisha yenu.

Mfungwa mmoja, Orsini, hakungoja. Alijaribu kutoroka peke yake, akakamatwa penye ukuta. Akahukumiwa, akapigwa risasi. Lakini kabla hajafa, alipata nafasi ya kumwambia Fontaine kwa njia ya dirisha kosa lake lilikuwa wapi: kamba peke yake haitoshi kuzivuka kuta, lazima kuwe na kulabu za kuishikiza, na kulabu zaweza kufanyizwa kwa chuma cha taa ya chumbani. Fontaine akafanya hivyo. Akapasua blanketi na nguo zake, akazisokota pamoja na waya wa kitanda, akapata kamba. Akakunja chuma cha taa, akapata kulabu. Ndipo yule mzee Blanchet alipoona kwamba kushindwa kwa Orsini kulikuwa njia ya kufaulu kwa Fontaine.

Mtu atauliza: «Je, Orsini hakutumaini? Mbona yeye alikufa? Hapa kijijini nako, watu wawili waliugua ugonjwa mmoja, wote wawili wakasali, wote wawili wakanywa dawa. Mmoja akapona, mmoja tukamzika. Matumaini yake yalikwenda wapi?»

Ndugu, tusimjibu mtu huyu haraka, wala tusiseme kwamba marehemu alikuwa na imani haba. Kusema hivyo ni kumwongezea mfiwa msiba wa pili. Sinema haisemi kwamba kila atumainiye hutoka. Kile kibao cha mwanzo, pamoja na elfu zake saba, chakataza mtu asiseme hivyo. Inachotuonyesha ni hiki: matumaini ya Orsini hayakuzikwa pamoja naye. Aliyatoa dirishani. Maneno machache ya mtu anayekwenda kufa yalikuwa kulabu za mtu mwingine. Angeweza kunyamaza kwa uchungu, akisema, «Mimi nimekwisha, na wao wajionee.» Hakunyamaza.

Nasi wakristu twaongeza neno moja, ambalo kwetu ni la kwanza. Mlango wa gereza si mlango wa mwisho. Twatumaini ufufuko, na kwa ajili yake twaweza kumzika mtu tukilia, bila kusema kwamba amepotea. Bwana wetu naye machoni pa watu alionekana ameshindwa siku ya Ijumaa.

6. Kijana Jost

Mlango ulipokwisha, Fontaine hakutoka mara. Alisitasita. Wenzake wakamhimiza. Halafu siku moja wakamchukua hata Hôtel Terminus, nyumba waliyokaa polisi ya siri ya Kijerumani, wakamwambia kwamba atapigwa risasi. Akarudishwa gerezani, akishukuru kwamba hawakumbadilishia chumba.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingizwa mwenzake wa chumba: kijana wa miaka kumi na sita, jina lake François Jost, Mfaransa aliyejiunga na jeshi la Wajerumani, mavazi yake nusu ya huku, nusu ya huko. Je, ametumwa kupeleleza? Fontaine hajui. Siku zake zimekwisha. Lazima achague: ama amwue kijana, ama amwambie yote na kutoka pamoja naye. Amhojihoji, amtazama, agawa naye chakula. Mwisho achagua kumwamini.

Na tazameni ajabu. Usiku ule, walipofika penye ukuta mmoja, mtu mmoja peke yake hangaliweza kuupanda. Ilikuwa lazima mmoja amwinue mwenziwe. Fontaine alikuwa amepanga kila kitu kwa muda wa mwezi mzima, lakini ukuta huo hakuujua. Yule kijana aliyemwogopa kama kizuizi ndiye aliyekuwa ngazi yake.

Hilo ndilo fundisho la tatu. Matumaini ya mtu mmoja ni mafupi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Labda Mungu amekuletea nyumbani mtu usiyemtaka: mtoto wa ndugu yako mwenye tabia ngumu, mkwe asiyesema sana, mgeni wa kabila jingine. Busara yataka umchunguze, Fontaine alichunguza. Lakini usifunge moyo wako kabisa. Hujui ukuta ulio mbele yako.

7. Usiku wa kutoka

Usiku wa kutoka hakuna haraka. Wanapanda juu ya paa. Changarawe zalia chini ya miguu. Basi wangoja gari la moshi lipite, ndipo wapige hatua, kelele yake ifunike yao. Saa zagongwa mjini, moja baada ya nyingine. Kati ya kuta mbili za mwisho wasikia mlio mwembamba, wa kukwaruza, usiokoma. Ni nini? Ni askari azungukaye kwa baisikeli. Wamhesabia mizunguko yake. Wapitisha kamba juu ya njia yake, halafu wangoja tena, kwa muda mrefu, kabla ya kuthubutu kuvuka.

Saburi ya namna hii si uvivu. Mvivu hungoja kwa kuwa hataki kutenda. Mwenye saburi hungoja ili atende kwa wakati wake. Mvuvi ajua jambo hilo, na mwindaji pia.

Hapa hatuna budi kusema na jambo jingine. Katika njia yao alikuwapo askari mlinzi, naye Fontaine alimwua. Sinema haituonyeshi tendo hilo wala hailisifu. Twamwona Fontaine akisimama kwanza nyuma ya ukuta muda mrefu, moyo wake ukimpiga. Ilikuwa vita, naye alikuwa askari aliyehukumiwa kufa. Hukumu ya tendo lake twamwachia Mungu. Lakini mtu asijifunze hapa kwamba mwenye matumaini aruhusiwa kila njia. Mwisho mwema hautakasi njia mbaya. Anayeiba ili awalipie watoto karo ya shule, anayekwenda kwa mchawi ili apate mtoto, anayemsingizia jirani ili apate shamba, huyo hafuati matumaini. Ameyaacha, kwa sababu ameona kwamba njia ya Mungu haitoshi.

Mwisho wavuka, washuka, wakumbatiana. Kijana Jost amtaja mama yake. Nasi twakumbuka kwamba askari yule aliyekufa, naye alikuwa na mama. Halafu watu wawili watembea gizani, ule muziki wa kuomba huruma wasikika tena, na sinema yakwisha.

8. Jina linalotangulia

Nimeacha jambo moja hata sasa. Likumbukeni jina la sinema hii: Mtu Aliyehukumiwa Kufa Ametoroka. Mtu aingiapo kuitazama, mwisho amekwisha kuambiwa. Ajua kwamba yule mfungwa atatoka. Walakini, akiisha kuketi, moyo wake wamdunda kwa kila hatua ya mlinzi. Kujua mwisho hakukukiondoa kibanzi hata kimoja cha mlango. Kila kibanzi chapasa kuchokolewa.

Hali ya mkristu ni kama hiyo. Mwisho tumekwisha kuambiwa: Kristu amefufuka, na mauti yameshindwa. Ahadi hiyo haitikisiki. Lakini mlango wangu mimi ungali umefungwa, na kijiko kiko mkononi mwangu. Naweza kukiacha. Naweza kulala. Kwa hiyo mkristu hajivuni kana kwamba amekwisha kufika, wala hakati tamaa kana kwamba hakuna njia. Afanya kazi ya leo, akijua kazi hiyo yaelekea wapi. Huo ndio udumifu: ni matumaini yanayoamka tena kila asubuhi na kushika kijiko.

Maswali ya kurudia nyumbani

Swali: Je, kutumaini ni kutaka tu jambo jema?
Jibu: Hapana. Kutumaini ni kumtegemea Mungu kwa ahadi zake, na kufanya kwa uaminifu sehemu aliyotuachia sisi.

Swali: Makosa mawili dhidi ya matumaini ni yapi?
Jibu: La kwanza ni kukata tamaa. La pili ni kujidai, yaani kumtaka Mungu afanye yote huku sisi tumekaa.

Swali: Mtu akisali na kufanya kazi, kisha asipate alichoomba, je, matumaini yake yamepotea?
Jibu: Hapana. Jema alilolitenda laweza kumfaa mwingine, kama maneno ya Orsini. Na tumaini letu la mwisho ni ufufuko na uzima wa milele.

Swali: Tumsaidieje aliyekata tamaa?
Jibu: Tukae naye, turudi kwake mara kwa mara, tumwombe naye atusaidie, na kama maisha yake yako hatarini, tusimwache peke yake.

Swali: Je, mwenye matumaini aruhusiwa kutumia njia yoyote?
Jibu: Hapana. Njia mbaya ni dalili ya kwamba mtu ameacha kumtumaini Mungu.

Jambo la kufanya juma hili: kila mtu wa nyumba achague mlango mmoja uliofungwa katika maisha yake, ugomvi, deni, ulevi, au somo lililomshinda shuleni. Atafute maungio yake yaliyo laini, aanze na kazi moja ndogo, airudie kila siku kwa siku saba, akiitanguliza kwa sala fupi. Na kama yuko jirani ambaye siku nyingi hajibu mtu akibisha, mmoja wenu aende kubisha tena.

Somo lijalo litakuwa juu ya mapendo. Mungu awabariki.